MPINI WA PENSI YA KUKUNJA: NGUVU YAKE INAISHIA WAPI?



Leo tutazungumza juu ya chombo kidogo ambacho watumishi wengi wanakipenda. Ni ile pensi ya kukunja, inayobebwa mfukoni mwa salopeti au katika kifuko cha mkanda. Ukiifungua, katikati kuna pensi ya kubania na kukatia waya. Ndani ya mipini yake miwili kuna kisu, turunevisi, tupa, msumeno mdogo na kifungua makopo. Vijana wanaisifu sana. Wanasema: «Hii ni ateliye nzima mfukoni!» Wanayo haki ya kuisifu. Fundi aliye mbali na magazini, kwenye mkanda wa kusafirishia mawe au juu ya ngazi, anaweza kukaza visi au kukata waya bila kurudi kutafuta chombo.

Lakini hapa dispansere hatuoni pensi hiyo siku inapofanya kazi vizuri. Tunaiona siku mpini wake umekubali kupinda, au kisu kimejifunga juu ya vidole. Mtumishi anafika akishika mkono wa kuume kwa mkono wa kushoto, na damu inashuka kwenye kiwiko. Tukimwuliza, anajibu karibu kila mara kwa maneno haya: «Nilidhani itavumilia.»

Basi tuulize pamoja: mpini wa pensi ya kukunja ni imara kiasi gani? Jibu fupi ni hili: ni imara kwa kubana. Si imara kwa kupinda, kwa kusokota wala kwa kupigwa nyundo. Anayejua tofauti hiyo atakaa na pensi yake miaka mingi. Asiyeijua ataharibu chombo, na pengine mkono.

CHOMBO HIKI KILITOKA WAPI?

Historia yake ina mafundisho juu ya mpini, kwa hiyo tuipitie haraka.

Mwaka 1891 jeshi la Uswisi lilianza kuwapa askari wake kisu cha kukunja chenye vyombo vinne: kisu, kifungua makopo, turunevisi na chuma cha kutobolea. Askari alihitaji turunevisi ili kufungua bunduki yake mpya, na kifungua makopo kwa ajili ya chakula chake. Visu vya kwanza vilitengenezwa Solingen, Ujerumani, na mwaka uleule fundi Karl Elsener wa Ibach, Uswisi, akaanza kuvitengeneza kwao.

Mpini wa kisu kile ulikuwa wa mti wa mwaloni, mti mgumu wa Ulaya. Na bado ulipasuka. Maji, jua na mapigo vilifanya mti ule ukatike vipande. Ndiyo sababu mti ukaachwa, wakaweka maada ngumu ya nyuzi zilizoshindiliwa. Tena mwaka 1961 kisu cha askari kikapewa mpini wa alumini wenye mistari, ili usiteleze mkononi. Unaona, ndugu? Katika miaka sabini hivi kilichosumbua si kisu tu. Mpini nao ulibadilishwa tena na tena.

Pensi ya kukunja yenyewe ni mdogo wa kisu hicho. Mwaka 1975 Mmarekani mmoja, Tim Leatherman, alikuwa akitembea Ulaya na mke wake katika gari la zamani lililoharibika mara kwa mara. Alikuwa na kisu cha mfukoni, lakini kila mara alikosa pensi. Aliporudi kwao Portland alianza kutengeneza kisu chenye pensi ndani. Ilimchukua miaka mingi; pensi yake ya kwanza iliuzwa mwaka 1983.

Mipini ya pensi ile ilikuwa ya bati la chuma lililokunjwa. Ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa na aibu moja: mtu akiibana sana, kingo za bati zilimwuma kiganjani. Tena visu vyake havikuwa na kufuli. Mwaka 1994 ilitoka pensi nyingine ya nyumba hiyohiyo yenye visu vinavyojifunga, na mwaka 1998 nyingine ambayo mipini yake ilikuwa na migongo ya mviringo upande wa kiganja. Hata wenye kuitengeneza walikubali, basi, kwamba mpini hautazamwi kwa uimara wake peke yake. Unatazamwa pia kwa mkono unaoushika.

Siku hizi masoko yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yamejaa pensi za namna hiyo. Nyingine ni za kweli, nyingine zimeiga sura tu. Zote zinang'aa zikiwa mpya. Kung'aa si nguvu.

MPINI MMOJA, KAZI TATU

Mpini wa nyundo una kazi moja: kubeba kichwa cha nyundo. Ni kipande kimoja kizima. Mpini wa pensi ya kukunja una kazi tatu kwa wakati mmoja.

Kwanza, ni wenzo. Unachukua nguvu ya vidole vyako na kuiongeza kwenye meno ya pensi.

Pili, ni sanduku. Ndani yake vyombo vingine vinalala. Kwa hiyo ni lazima uwe mtupu katikati, kama mfereji wa bati juu ya nyumba.

Tatu, ni kinga. Unatenga vidole vyako na makali ya visu vilivyolala ndani.

Sasa fikiri. Mfereji wa bati unaweza kubeba maji ya mvua yote. Lakini ukiukanyaga kwa upande, unapinda. Mpini wa pensi ni vivyo hivyo. Ukiubana kuelekea mwenzake, kuta zake mbili zinasimama wima na kukusaidia. Ukiusukuma kwa upande, kuta hizo zinafunguka, na ile nafasi ya riveti inapanuka. Hapo mpini hauwi tena wenzo, wala sanduku, wala kinga.

HESABU NDOGO YA NGUVU

Usiogope hesabu hii. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

Tuseme toka riveti ya katikati hadi mahali unaposhika ni sentimita 9. Toka riveti hiyohiyo hadi ncha ya pensi ni sentimita 3. Tisa kwa tatu ni tatu. Ukibana kwa nguvu ya kilo 30, ncha ya pensi itabana kwa kilo 90.

Mahali pa kukatia waya ni karibu zaidi na riveti, tuseme sentimita 1 na nusu. Hapo nguvu yako inazidishwa mara sita: kilo 30 zinakuwa kilo 180. Na riveti yenyewe inabeba zote pamoja, zile za waya na zile za mkono wako: kilo 210. Riveti hiyo si nene kuliko kalamu ya kuandikia.

Sasa kijana mwenye haraka anachukua kipande cha bomba, anakivika juu ya mpini ili uwe mrefu. Badala ya sentimita 9 anapata sentimita 30. Anafurahi, kwa sababu kazi imekuwa nyepesi. Lakini kwa kilo 30 zilezile, ncha ya pensi inapata kilo 300, na riveti inapata kilo 330. Mtengenezaji hakuifanya riveti kwa ajili ya bomba. Aliifanya kwa ajili ya mkono wa mtu. Usivike bomba juu ya mpini wa pensi. Kamwe.

NJIA TANO ZA KUUHARIBU MPINI

1. Kusokota buloni. Pensi ya kukunja inashika buloni kwa meno mawili tu. Ukizungusha kwa nguvu, meno yanateleza, buloni inakuwa mviringo, na mpini unapinda kwa upande. Vidole vya mikono yako vinakwenda kupiga chuma kilicho mbele. Buloni ina ufunguo wake wa kipimo. Upo magazini.

2. Kufungua visi vilivyokwama. Turunevisi ya pensi hii haina mwili wake. Inashikwa na pini nyembamba mwishoni mwa mpini. Ukiikunjua nusu na kuzungusha mpini wote kama mkono wa baiskeli, unapata nguvu nyingi kuliko pini inavyoweza. Visi iliyoshika kutu itiwe mafuta kwanza, ingojwe, kisha ifunguliwe kwa turunevisi nzima yenye mpini mnene.

3. Kupenyeza na kuinua. Wapo wanaotia kisu au ncha ya pensi chini ya kifuniko, wanakandamiza mpini kama mtaimbo. Chuma kigumu cha kisu hakipindi sana; kinavunjika ghafula. Na kikivunjika, kipande kinaruka. Hakisemi kinakwenda kwenye jicho la nani.

4. Kupiga nyundo. Wengine wanaweka kisu juu ya waya na kupiga mgongo wake kwa nyundo. Wengine wanafanya mpini wenyewe kuwa nyundo, wanapigia misumari. Kila pigo linalegeza riveti kidogo. Hulioni leo, utaliona siku kufuli ya kisu itakapokataa kushika.

5. Kukata waya mgumu. Waya wa shaba na waya laini wa kufungia ni sawa. Lakini waya wa springi, kebo ya chuma na msumari mgumu vinaacha pengo kwenye makali. Mtu anabana zaidi, anatumia mikono miwili, anajisaidia na goti, na mpini unapinda. Kwa waya wa namna hiyo kuna mkasi mrefu wa kukatia chuma.

MATOPE NA MAJI YA MGODI

Wengi husema: «Hii ni inoksi, haiogopi maji.» Ndugu, inoksi inachelewa kushika kutu, haikukataa kabisa. Jasho lina chumvi. Maji ya mgodi na maji ya kiwanda yanaweza kuwa na asidi. Yakikauka ndani ya mpini pamoja na vumbi la mawe, yanakula riveti na springi mahali usipoona. Tena vumbi hilo linasaga viungo kama mchanga kati ya mawe mawili ya kusagia.

Basi baada ya kazi ya matope, fungua vyombo vyote, osha kwa maji safi na sabuni, piga kwa brashi ya meno ya zamani, kausha vizuri, kisha tia tone moja la mafuta katika kila kiungo. Pangusa mafuta yanayobaki juu ya mpini, yasikufanye uteleze.

Usinoe kisu chake kwenye jiwe la umeme mpaka chuma kiwe na rangi ya buluu. Rangi hiyo inasema chuma kimepoteza ugumu wake. Usipeleke mpini uliopinda kuchomelewa, wala usiutie motoni ili kuunyoosha. Mpini uliopinda umekwisha kazi yake. Na kama mpini wako una plastiki juu, usiuoshe kwa dawa za kuyeyusha rangi. Plastiki nyingine zinalainika au kupasuka.

UMEME: HAPA HAKUNA MJADALA

Mipini ya pensi ya kukunja ni chuma kitupu. Hata ile yenye plastiki ya rangi juu yake, plastiki hiyo ni ya mapambo na ya kushikia. Haizuii umeme: riveti zinaonekana, na vidole vinagusa chuma.

Vyombo vya fundi wa umeme vinavyokingwa vina alama ya pembetatu mbili na maandishi «1000 V». Alama hiyo maana yake vimejaribiwa kwa kazi hiyo. Pensi yako ya kukunja haina alama hiyo, na hata kama mchuuzi ameibandika karatasi, usimwamini.

Umeme ukipita mkononi, misuli ya vidole inakaza. Mtu anataka kuachia mpini, lakini mkono unakataa. Unaendelea kushika kile kinachomwua. Kwa hiyo pensi ya kukunja haigusi waya wenye umeme, kazini wala nyumbani. Kata umeme kwanza, weka kufuli na kibao chako, mwache fundi mwenye ruhusa apime, ndipo kazi ianze.

MKONO UNALIPA NAMNA GANI?

Sikilizeni mazungumzo haya. Yanasikika karibu kila ateliye.

– Yaya, niazime pensi yako, nifungue buloni hii.
– Mdogo wangu, buloni hiyo ni ya ufunguo wa 17. Nenda magazini.
– Magazini ni mbali, yaya. Dakika moja tu!
– Dakika moja ni fupi. Lakini mkono ukiumia, wiki tatu bila kazi ni ndefu. Nenda.

Huyo yaya amefanya kazi ya usalama kuliko mabango kumi ukutani.

Maumivu tunayoyaona dispansere yanatokana na mpini kwa njia nne.

Ya kwanza ni kubanwa. Meno ya pensi yanateleza, mipini inafungana ghafula, na nyama ya kiganja inabaki katikati. Panatokea lengelenge la damu. Kama ngozi ni nzima, usilitoboe. Ngozi hiyo ndiyo pansema nzuri kuliko zote.

Ya pili ni kukatwa. Kisu kisicho na kufuli, au chenye kufuli iliyochoka, kinajifunga upande wa vidole vinne. Jeraha linaweza kuonekana dogo. Lakini katika kidole, mishipa inayokunja kidole na mishipa ya hisia iko karibu sana na ngozi. Jeraha la sentimita moja linaweza kuikata. Mtu asiyeshonwa mapema anaweza kubaki na kidole kilichonyooka maisha yake yote. Kidole hicho hakishiki tena sururu, wala kijiko.

Ya tatu ni jicho. Kipande cha kisu kilichovunjika au kipande cha waya uliokatwa kinaruka. Vaa miwani ya kazi hata kwa kukata waya mmoja. Na unapokata, elekeza ncha ya waya chini, ishike kwa mkono mwingine wenye ganti.

Ya nne haitoi damu, kwa hiyo watu wanaidharau. Ni ganzi. Mpini mwembamba wenye kingo kali unakandamiza kiganja mahali pamoja, siku baada ya siku. Mishipa ya hisia inabanwa. Mtu anaamka usiku, anatikisa mkono, anasema umelala. Asubuhi kikombe kinamponyoka. Mke wake anadhani ni uchovu. Si uchovu. Ukiona ganzi katika kidole gumba na vidole vinavyokifuata, na hasa usiku, njoo mapema. Mapema tunaweza kusaidia kwa kubadili chombo, kupumzisha mkono na kuufunga usiku. Ukichelewa, nyama ya chini ya kidole gumba inaanza kukonda.

Kwa kazi inayorudiwa mara nyingi, basi, omba pensi ya kawaida yenye mipini minene na laini. Pensi ya kukunja ni ya mara moja moja.

NENO KWA WANAOFANYA KAZI JUU

Pensi ya gramu 250 ikianguka toka mita 20, inafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Mwenzako aliye chini ana kofia, lakini mabega yake hayana. Kama mpini una pete, funga kamba fupi imara toka pete hiyo mpaka mkanda wako. Lakini karibu na mashine inayozunguka, kamba hiyo ni hatari nyingine: inaweza kunaswa na kukuvuta. Hapo ondoa kamba, au iache pensi ndani ya kifuko kilichofungwa.

UKAGUZI WA DAKIKA MBILI

Fanya hivi kabla ya kununua, kisha kila Jumatatu kabla ya kuanza kazi.

– Funga pensi, itazame mbele ya mwanga. Ncha mbili zikutane sawasawa. Kama moja imepita nyingine, riveti imelegea.
– Shika mpini mmoja, tikisa mwingine kwa upande. Kucheza kidogo si kitu. Kucheza kunakosikika «taka-taka» ni alama mbaya.
– Fungua kisu mpaka kufuli ilie. Kisha kandamiza mgongo wa kisu taratibu juu ya ubao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijifunga, usikitumie tena.
– Pitisha kitambaa laini juu ya mipini. Kikinaswa, kuna ukingo mkali au riveti iliyoinuka.
– Tafuta ufa karibu na matundu ya riveti. Ufa mdogo kama unywele unatosha kukataa chombo.
– Bana kitu kigumu kwa mkono mmoja kwa nguvu zako za kawaida. Kama mipini inapinda kama upinde, rudisha kwa mchuuzi, na franga zako zikae mfukoni.

Chombo cha Kompanyi kilichoharibika kipelekwe magazini na kuonyeshwa kwa shefu. Usikifiche katika sanduku ili mwenzako wa zamu ya usiku akikute. Yeye naye ana watoto.

UKIUMIA, FANYA HIVI

Jeraha linalotoa damu: osha mikono kama inawezekana, weka kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza bila kuachia dakika kumi kamili, na inua mkono juu ya moyo. Usifungue kila mara kutazama. Pete ya ndoa na saa zivuliwe mara moja, kwa sababu kidole kitavimba.

Kama damu imetulia na jeraha ni dogo, lioshe kwa maji safi mengi na sabuni. Usitie udongo, majivu, tumbako, mafuta ya gari wala petroli. Vitu hivyo havikaushi jeraha. Vinaingiza uchafu, na uchafu unaweza kuleta pepopunda, yaani tetanosi. Njoo na kadi yako ya chanjo, tuone kama unahitaji sindano.

Kama huwezi kukunja au kunyoosha kidole, au kama upande mmoja wa kidole hauna hisia, njoo siku hiyohiyo hata kama damu imekoma. Usingoje mwisho wa juma.

Kitu kikiingia jichoni baada ya chuma kuvunjika: usisugue, usijaribu kukitoa. Funika jicho bila kulikandamiza, na mtu akulete.

Mtu akishikwa na umeme: usimguse. Kata umeme kwanza. Kisha ita msaada. Kama hapumui, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze kumpulizia na kumkandamiza kifua bila kukawia. Hata akiamka na kusema yuko salama, lazima aletwe hospitalini, kwa sababu umeme unaweza kuvuruga moyo baadaye.

Na kila jeraha liandikwe katika kitabu cha ajali, hata lile dogo. Jeraha lisiloandikwa ni vigumu kulitetea likigeuka kubwa.

NENO KWA MAMA WA NYUMBA

Mama, pensi ya baba inapofika nyumbani, inapata kazi mpya: kufungua kopo la sardini, kukaza mguu wa meza, kutengeneza redio, kuvuta mnyororo wa baiskeli. Si vibaya. Lakini shika mambo matatu.

Usimruhusu mtu, hata baba mwenyewe, kuitia katika priza au katika waya za nyumba. Kwa kopo, tumia kifungua makopo, si kisu. Na mpini uwe mkavu, usiwe na mafuta ya samaki. Tena iwekwe juu ya kabati. Mtoto anaipenda kwa sababu inafunguka na kufungika kama mchezo. Vidole vyake ni vyembamba, vinaingia ndani ya mpini pasipoingia vya mtu mzima.

Na wewe ndiwe unayeona mapema mambo ambayo baba hataki kutuambia: anavyotikisa mkono usiku, anavyoshika sahani kwa mkono wa kushoto, anavyoficha kidole kilichofungwa kitambaa. Mhimize aje. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

KWA KUMALIZA

Hatusemi mtupe pensi zenu za kukunja. Ni chombo kizuri kikibaki mahali pake. Kushika, kubana kidogo, kukata waya laini, kukaza visi ndogo: hiyo ndiyo kazi yake. Buloni, kebo, kifuniko kilichokwama na waya wa umeme si kazi yake.

Jumatatu ijayo, kabla ya king'ora cha kuanza kazi, toa pensi yako ukaifanyie ule ukaguzi wa dakika mbili. Ikishindwa, iache. Na kama mkono wako wenyewe ndio unaoshindwa, mlango wa dispansere uko wazi.